Siku Injini Yangu Ilipoita Langas Nzima

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena hapa duniani. Maneno hayo niliyasema leo asubuhi kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mke wangu na kikombe cha chai. Sasa jua limezama, mkono wangu wa kushoto uko kwa bandeji, shati langu jeupe ni kama la muuza makaa, na nimeaibika mbele ya wakwe, mbele ya naibu wa chifu na mbele ya nusu ya Langas. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Moi's Bridge haraka haraka (mwandiko ni ule ule, darasa la tatu halijaongezeka) kwa sababu lori langu linapita huko kesho, na heri msikie kutoka kwangu kabla dereva hajawapikia yake.

Mnanijua. Nilitoka Timboroa na blanketi moja. Nikabebea watu magunia hapa Eldoret mpaka mgongo ukazoea. Nikanunua injini moja ya dizeli, nikafungua kisiagi Langas, nikasagia watu mahindi miaka na miaka, kichwa kikawa cheupe mapema (mwingi ulikuwa unga, lakini mvi nazo zilijificha humo). Leo nina malori mawili. Kisiagi nilishauza, aliyenunua akatupa injini yangu nje akaweka mota ya stima, nami nikaibeba nikaileta nyumbani. Nyumba yenyewe ni ya mawe, Elgon View, mtaa wa matajiri usio mbali na Langas, katikati ya daktari na hakimu. Daktari amesoma ng'ambo miaka mingi. Mimi nimesoma miaka mitatu. Tunagawana ukuta mmoja.

Sasa leo ilikuwa siku ya wageni. Binti yangu Njeri, yule mwalimu, amepata kijana anaitwa Wekesa, na wazazi wa Wekesa walikuwa wanakuja kutuona kwa mara ya kwanza. Baba mtu ni Mwalimu Simiyu, hedimasta wa upande wa Plateau. Mama mtu ni muuguzi katika hospitali ya misheni huko huko. Watu wa kalamu na sindano.

Nikiwa bado na ile chai, Njeri akaja akakaa karibu yangu. Hakukaa vizuri. Alikaa kama mtu wa kuomba.

"Baba, nikuambie kitu usikasirike?"

"Sema."

"Mwalimu Simiyu hataki mambo haya. Amemwambia Wekesa watu wenye pesa mpya ni watu wa kelele. Anatafuta sababu tu ya kukataa. Tafadhali, Baba. Leo moja tu. Usijisifu."

"Mimi? Kujisifu?"

(Hapo nilishangaa kidogo. Lakini kidogo tu.)

Nikamwahidi. Nampenda yule mtoto, na nikaona macho yake hayakuwa ya mchezo. Nikasema leo mdomo wangu sitautumia. Nitaiachia nyumba izungumze.

Shida ni kwamba nyumba ya Elgon View inazungumza kwa stima, na stima wiki hii imekuwa kama mgeni asiyetaka kukaa. Inakuja, inasalimia, inaondoka. Nikapata picha ya Mwalimu Simiyu kwa giza akipapasa nyama kwa sahani yangu. Nikasema hapana. Nikaenda mjini kununua jenereta.

Mwenye duka la mashine, mzee mmoja wa Kihindi mwenye subira, alinionyesha kitu kama sanduku la viatu.

"Hii ya petroli ndiyo ya nyumba, Mzee. Taa, friji, televisheni, vyote inabeba."

Akavuta kamba. Nikangoja. Nikatega sikio.

"Haijawaka," nikamwambia.

"Imewaka."

Kumbe kweli ilikuwa imewaka. Ilikuwa inalia kama nzi ndani ya chupa.

"Sasa jirani yangu atajuaje niko nayo?"

"Mzee, uzuri wake ndio huo. Jirani hasikii."

Nilimtazama kwa huruma. Mtu anauza mashine maisha yake yote na hajui mashine. Sisi watu wa kisiagi tunachagua injini kwa sikio, si kwa karatasi. Injini ikinung'unika ina njaa, ikikohoa ina ugonjwa, ikinyamaza haifai. Nikamshukuru, nikamwachia sanduku lake, nikarudi nyumbani. Huko nyuma ya gereji, chini ya magunia, si alikuwa amelala mzee wangu mwenyewe, ile injini ya Langas? Na pembeni yake kulikuwa na dainamo niliyoinunua zamani kwa mnada wa shamba moja bila kujua kazi yake (ilikuwa inang'aa). Injini yangu, dainamo yangu, bure kabisa. Nikamwita fundi.

Hapa lazima niwakumbushe jambo moja, ingawa nyinyi wa zamani mnalijua. Mwenye kisiagi hapigi debe sokoni. Anafunga filimbi kwenye mdomo wa ekzosi, kibomba chenye tundu, moshi ukipita kinalia. Ya kwangu niliichomelea kwa mkono wangu, na kila injini na sauti yake. Ya kwangu ilikuwa tuku-tuku-fyuuu, tuku-tuku-fyuuu. Mama akiwa shambani ng'ambo ya mto anasikia, anajua Baba Njeri amewasha, anatia mahindi kwa debe, anakuja. Na sheria ilikuwa moja: ukiita watu, usage. Mwenye kisiagi akiita akina mama halafu mashine ikatae, anachukua mahindi yao, anawapa unga wa duka kwa pesa yake, hakuna maneno. Sheria hiyo niliisimamia mimi kwa nguvu sana (jirani yangu wa biashara alikuwa na injini mbovu).

Kufika saa tisa, fundi alikuwa amefunga mkanda, amejaza maji kwa pipa la kupoza, nyaya zimeingia ndani ya nyumba.

"Mzee, hii filimbi niitoe?"

"Ya nini? Ukinunua jogoo unamkata shingo ndiyo anyamaze?"

"Watu wengi hufanya hivyo, Mzee."

Nikamlipa akaenda. Mke wangu, Mama Njeri, alikuja akaitazama ile injini akiwa ameshika kiuno.

"Umekataa jenereta ya watu ukaturudishia hii takataka yenye kelele?"

"Si kelele. Ni sauti."

Wageni wakafika. Mwalimu Simiyu ni mrefu, amenyooka kama rula, tai imekazwa, baji ya chama kwenye koti, viatu unaweza kujiona. Mama Wekesa ni mnene mpole, anatazama watu kama anawapima joto. Wekesa mwenyewe alikuwa anatoka jasho tu. Tukawakaribisha, chai ikapita, mikate ikapita. Mimi kimya. Macho ya Mwalimu yakazunguka sebuleni: televisheni, kabati la vyombo, picha ya Rais, saa kubwa inayopiga kengele. Nilikuwa na hadithi ya kila kitu hapo. Nikazimeza zote. Tumbo likauma.

"Mzee," akasema Mwalimu, "biashara yako hasa ni ipi?"

"Nafaka."

Neno moja. Njeri alinitazama kama nimemnunulia gari.

Giza likaanza kuingia, chakula kikaletwa, televisheni ikawashwa kwa sababu Mwalimu hakosi taarifa ya habari. Kuku, wali, mukimo, na ugali mkubwa kwa heshima ya watu wa magharibi. Mwalimu akanawa, akakata tonge, akalipeleka kwa mchuzi.

Stima ikapotea.

Wenzangu, nisiwadanganye. Nilifurahi. Nilikaa kidogo kwenye giza bila kusema kitu ili waonje shida vizuri. Nikamsikia Mwalimu akisema polepole, "Hata huku kwa wakubwa?" Hapo nikasimama.

"Msijali. Ngojeni dakika."

Nikatoka nyuma, nikavua koti, nikashika hendeli. Injini ile huwezi kumpa mtu mwingine akuwashie. Nikazungusha mara moja, akaguna. Nikazungusha tena, akakumbuka mimi ni nani. Tuku. Tuku-tuku. Tuku-tuku-fyuuu. Taa zikawaka nyumba nzima, hadi ile ya choo. Nikatazama upande wa daktari, giza. Upande wa hakimu, giza. Katikati yao mtu wa darasa la tatu ameng'aa kama hoteli.

Nikarudi ndani nikijipangusa mikono taratibu. Mwalimu alikuwa bado ameshika lile tonge.

"Ala," akasema.

Sikujisifu. Nilisema tu, "Ni kitu kidogo." Lakini ilibidi nipige kelele, kwa maana sauti ilikuwa imejaa nyumba. Kuanzia hapo tulikula kama watu walio kwenye milima miwili. Mama Wekesa akauliza kwa sauti ya juu kama kuku alipikwa kwa nazi. Mke wangu akajibu kwamba mtoto wetu wa mwisho yuko darasa la sita. Tukaendelea hivyo. Glasi zilikuwa zinatembea mezani zenyewe.

Tukiwa hapo, askari wangu wa lango akachungulia.

"Mzee, kuna mama na debe."

"Mwambie hapa si soko."

Akaenda. Akarudi kabla sijamaliza paja la kuku.

"Mzee, sasa wako wengi. Wamepanga mstari."

Nikainuka nikaenda dirishani. Kando ya ua wangu wa maua, kutoka langoni mpaka kwa hakimu na kuendelea, kulikuwa na akina mama. Debe kichwani, karai kichwani, wengine na mifuko, mmoja na mtoto mgongoni na kopo la gorogoro mkononi. Wengine walikuwa bado wanakuja mbio kutoka upande wa Langas. Na juu ya kelele yote ya injini nikaisikia sauti ambayo ningeijua hata kaburini, ya Mama Akinyi, mteja wangu wa kwanza kabisa.

"Baba Njeri! Fungua, tumekusikia! Stima imepotea, kile kisiagi ulichouza kimelala. Watoto hawajala. Mungu akubariki kwa kurudi kazini!"

Mwalimu Simiyu akaweka tonge chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba sauti ya Mama Akinyi inapita hata injini.

"Anasema umerudi kazini?"

"Ni... wateja wa zamani," nikajibu.

"Tuliambiwa umeenda kukaa na matajiri," Mama Akinyi akaendelea huko nje. "Kwani wamekufukuza?"

Mstari mzima ukacheka. Njeri akafunika uso na kitambaa cha meza. Si kitambaa kidogo. Kile cha meza.

Fikirini mngekuwa mimi. Nikizima injini, hedimasta anakula kwa giza. Nikiiacha iendelee, kila fyuuu inaita debe lingine. Nikatoka mpaka langoni kuwaeleza kwa upole, kama mwenye nyumba ya mawe.

"Akina mama, poleni. Hapa hakuna kisiagi. Jiwe la kusaga halipo. Ni injini peke yake."

Mama Akinyi akashusha debe. Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa.

"Kama hakuna jiwe, injini inasaga nini?"

"Inawasha taa."

Akainua macho kwa madirisha yangu yaliyong'aa.

"Yaani umetuita kutoka Langas," akasema, "na mizigo kichwani, tuje tuangalie taa."

Sasa walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Halafu mmoja nyuma akasema, "Sheria si ilikuwa ukiita, usage?" Na mwingine: "Aliitunga nani?" Wakajibu wote pamoja, kama kwaya, jina langu.

Nikaona kwanza nikate mwito. Nikachukua kitambaa kinene cha gereji, nikaenda nyuma, nikakisukuma ndani ya ile filimbi. (Mtu mwenye akili angezima injini kwanza. Mtu mwenye akili hakuwepo.) Bomba lilikuwa limewaka moto. Nililishika kwa mkono wa kushoto, kiganja chote, na sauti niliyotoa ilikuwa karibu sana na ya filimbi yenyewe. Injini ikakohoa. Ikajaa. Halafu ikatema kile kitambaa pamoja na masizi ya miaka yote ya Langas, moja kwa moja usoni na kifuani pangu. Ikazima.

Giza. Ndani ya nyumba nikasikia sahani ikivunjika. Huko nje mtu akasema, "Amemaliza kusaga."

Nikapapasa njia mpaka langoni, nikishikilia mkono, nikakutana na mwanga wa tochi usoni. Naibu wa chifu.

"Simama hapo! Huu mkutano una kibali?"

"Si mkutano," nikasema. "Ni foleni."

"Foleni ya nini kwa giza? Na wewe ni nani?"

Hakunijua. Mtu ambaye ameshakula kwangu mara ngapi. Nikamwambia jina langu, akanimulika tena, akasema huyo anamfahamu na ni mtu mweupe kuliko mimi. Akaanza kumulika mstari, uso kwa uso, akitafuta wachochezi. Mama Akinyi. Mama mwenye mtoto. Mwingine. Mwingine. Halafu tochi ikasimama mahali pamoja.

"Mama Kiptoo? Wewe pia?"

"Unga uliisha asubuhi," mkewe akamjibu, debe kichwani. "Nilikuambia ukiwa unavaa kofia."

Naibu wa chifu akazima tochi.

Hapo nyuma yangu mlango ukafunguka, mshumaa ukatoka, na nyuma ya mshumaa wakwe wote wawili. Mama Wekesa akaja moja kwa moja. Alishika mkono wangu, akaugeuza, akasema, "Maji baridi, haraka," na aliyekimbia kuleta kutoka kwa bomba la bustani alikuwa Mama Akinyi. Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, mweusi kama sufuria, mkono ndani ya karai la mtu, watu wote wakiniangalia. Mwalimu Simiyu akasimama mbele yangu, tai iko sawasawa.

"Mzee, uliniambia nafaka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Naona imekufuata nyumbani."

Nikatazama Njeri mlangoni. Alikuwa ameuma mdomo. Nikajua sababu ambayo Mwalimu alikuwa anatafuta nimempa, tena kwa debe. Basi nikafikiri, kama ndoa imekwenda, angalau nisiwe mwongo wa filimbi. Nikamwita dereva.

"Toa lori. Nenda kwa yule mwenye stoo ya jumla, mwamshe. Lete unga."

"Unga kiasi gani, Mzee?"

Nikatazama mstari. Ulikuwa umezunguka kona na kurudi kwa hakimu mara ya pili.

"Wote," nikamwambia.

Lori liliporudi, akina mama wakaanza kusukumana, na hapo ndipo kitu kilipomwingia Mwalimu Simiyu. Nyinyi mnajua mwalimu akiona mstari umepinda. Alikunja mikono ya shati, akaingiza tai ndani ya vifungo, akasimama juu ya jiwe la maua yangu.

"Nyoosheni mstari! Wafupi mbele. Wenye watoto upande huu. Hakuna kuongea."

Wakanyamaza. Hata naibu wa chifu alisimama wima. Mwalimu akamwagiza amulike tochi, Wekesa na Njeri wakawa wanapokezana pakiti kutoka kwa lori, mke wangu anapokea mahindi anayamwaga kwa gunia, na hedimasta anaita, "Anayefuata." Sijaona mtu amefurahi namna ile. Ilipofika zamu ya Mama Akinyi alimwambia, "Mwalimu, ukichoka na shule kuja Langas," naye akacheka kwa sauti, meno yote nje. Njeri alinitazama kutoka juu ya lori. Nikainua mkono, ule Mama Wekesa alikuwa ameufunga bandeji.

Walipokuwa wanaondoka, Mwalimu alinivuta kando ya gari.

"Wenye pesa mpya nawajua," akasema. "Wakiona watu wa zamani langoni hufungulia mbwa. Wewe umefungua stoo." Akanitazama uso wangu ulivyo. "Tutarudi mwezi ujao na wazee wetu, tuzungumze rasmi. Ombi langu ni moja tu."

"Sema, Mwalimu. Lolote."

"Tuje mchana."

Gari lao lilipokata kona, stima ikarudi. Naapa, kona ile ile.

Nimeosha uso mara tatu na bado taulo linalia. Nimekaa mezani naandika, na muda mfupi uliopita nimesikia sauti juu ya ukuta. Daktari. Tangu nihamie hapa hajawahi kunisemesha.

"Jirani, mashine yako nimeisikia."

"Asante," nikamwambia.

Kesho naenda kununua lile sanduku la viatu, na mwenye duka akitabasamu nitalipa bila kusema neno. Injini yangu inarudi Langas, pamoja na jiwe jipya la kusaga, kwa siku ambazo stima inapotea na watoto hawajala. Lakini mniambie ukweli: katika Elgon View yote, ni daktari gani, ni hakimu gani, anaweza kupuliza mara moja tu na watu wote wale wakaja? Bila kibali?

Msicheke. Na mkimwona dereva anacheka, mkumbusheni nani anamlipa. Nimejumlisha unga, sahani, shati, dizeli na mashine ya kesho, na ile injini yangu ya bure imenigharimu shilingi elfu saba mia mbili thelathini na sita na senti arobaini.